Ya Pili au ya Tatu

Ijumaa. Jua la leo lilikuwa kali, baada ya manyunyu ya siku zote zile. Karafuu zetu zimekauka vizuri, ukiivunja moja unaisikia. Kila mtu hapa Pujini amefurahi. Mie nimekaa nyuma ya banda la kaka, kanzu yangu ya Ijumaa bado nimeivaa, ina vumbi mpaka magotini, na najiuliza nimefurahi au nimeumia.

Nimeumia. Wacha niseme hivyo, nikikosea nitafuta.

Humu naandika kwa sababu hakuna anayesoma. Skuli niliacha darasa la sita, kwa hivyo kuandika kwangu ndio huku huku kama ninavyosema, na kusema kwenyewe sisemi sana. Kaka yangu Hamadi, ambaye nakaa kwake, huwaambia wageni, "Huyu Faki ukimsikia anasema maneno mawili ujue nyumba inaungua." Watu hucheka. Mie nami hucheka. Halafu narudi kuwatizama tu, maana kutizama najua.

Kitu ninachokipenda mie, hapa kisiwani sijapata kumuona mwenzangu. Hevi metali. Magitaa yanayokwaruza, ngoma za kwenda mbio, na mtu ananguruma kama amemezwa na kisima. Simu yangu niliinunua mjini Chake kwa mtu, imeshatumika, na ndani ya kadi yake zilikuwemo albamu tatu za kundi moja. Alokuwa nayo kabla yangu simjui. Kiingereza sijui, majina siwezi kuyatamka, basi naziita ya kwanza, ya pili na ya tatu, na nazijua kwa picha zake. Ya kwanza ina mlango unawaka moto. Ya pili nyeusi tupu, katikati pana msumari. Ya tatu ina kiti kimewekwa peke yake kwenye theluji.

Kaka aliwahi kuweka sikio akasikiliza kidogo. Akanirudishia akasema, "Hawa watu wanaungua, nani atawazima?" Hakuniuliza tena.

Sasa la leo haliwezi kufahamika bila ya la wiki iliyopita.

Wiki iliyopita tulikuwa kituoni kuuza karafuu, mie na kaka, tumepanga foleni na magunia yetu. Mbele yangu alikuwepo mzee mmoja mwenye kofia nzuri ya kushonwa kwa mkono, amekalia gunia lake. Simu yake ikalia.

Ikalia ya tatu.

Mwanzo wake hasa, gitaa moja linakuja kutoka mbali, halafu jengine linalipanda juu. Miaka yote hii muziki huu sijausikia ila ndani ya sikio langu mwenyewe. Kuusikia nje, juani, mbele za watu, nilihisi kama mtu ameichukua siri yangu akaianika juu ya jamvi pamoja na karafuu.

Mtu wa mizani akasema, "Mzee Kombo, jini lako linakwita."

"Si jini, mwanangu," akasema yule mzee, akapokea.

Aliyepiga ni binti yake, anaitwa Raya. Anafanya kazi za nyumbani Maskati. Mtoto wa kiume wa nyumba ile hupiga muziki huo mchana kutwa, na yeye kwanza aliuchukia, halafu akauzoea, halafu akawa hauachi. Alipokuja likizo akamuwekea baba yake mlio huo kwenye simu, ulie pale anapopiga yeye tu. Haya aliyaeleza mzee baadaye, bila ya kuulizwa, kama wazee wanavyoeleza. "Kelele yenyewe siipendi," alisema. "Lakini ikilia najua mwanangu mzima."

Mie neno likanitoka. Nikasema, "Hiyo ya tatu."

Mzee akanigeukia na simu iko sikioni. "Ya tatu nini?"

"Albamu. Iko ya kwanza, ya pili, hiyo ya tatu."

Akasema kwenye simu, "Kuna kijana hapa anaijua kelele yako." Humo ndani ya simu mtu akapiga ukelele, foleni nzima tukausikia. Mzee akafikiri kidogo, akaona tuko mbele za watu na jua linawaka, akanipa simu.

Hapo ndipo nilipoharibu. Nikatoa salamu. Nikamuuliza hali yake, akasema nzuri. Nikamuuliza watu wa huko, akasema wazima, nambie, ipi bora? Nikamuuliza kazi, akasema Alhamdulillahi, nambie basi. Nikasema, "Na joto la huko vipi?" Kwa sababu salamu nilikuwa sijazimaliza, na mie sijui kumkata mtu salamu katikati, hasa mtoto wa mtu. Akasema, "Wee, nambie, ya pili au ya tatu?" Na simu ikakatika.

"Muda wake wa kupiga ndio huo," akasema Mzee Kombo. Akaichukua simu yake akaifuta kwa kanzu. "Karibu Chokocho siku moja, kijana. Ukiuliza kwangu utaoneshwa."

Karibu ile kila mtu huisema. Mie nikaichukua nikaenda nayo nyumbani.

Siku zote zilizofuata, nikianika, nikianua manyunyu yakija, nikianika tena, nilikuwa nasikiliza kwa ajili ya kujibu. Sijapata kusikiliza hivyo. Kabla ilikuwa naipenda hii leo, kesho ile. Sasa ilikuwa kuna mtu amekaa upande wa pili anasubiri.

Ya kwanza niliiweka pembeni mapema. Ina njaa, hiyo ndiyo raha yake. Wanakimbizana, mpiga ngoma yuko mbele na wenzake wako nyuma wanamwita. Lakini imerekodiwa kama ndani ya pipa, na nyimbo mbili za mwisho ni wimbo mmoja umegawiwa. Naipenda kama mtu anavyompenda mdogo wake. Kuisifia mbele ya watu siwezi.

Ya pili haina kosa. Nimeitafutia kosa sikuliona. Kila wimbo unaingia, unafanya kazi yake, unatoka. Zile ngoma kubwa mbili zinazopigwa kwa miguu ni kama mvua ya masika juu ya bati, lakini mvua inayojua kuhesabu. Gitaa la solo halipigi hata nukta ya kujionesha. Na yule anayenguruma amejifunza kupumua, unasikia maneno yana kichwa na mkia hata kama huyajui maana. Hakuna wimbo wa kuruka. Nikiwa na hasira naisikiliza, nikimaliza hasira imepangika.

Ya tatu, kusema kweli, iliniudhi tokea siku ya mwanzo. Mwendo umekuwa mzito. Muimbaji ameacha kunguruma nusu ya nyimbo, anaimba kwa sauti yake kama mtu yeyote, na sauti yenyewe si nzuri. Kuna wimbo mmoja mrefu mpaka unasahau umeanzaje, na katikati yake pananyamaza kabisa. Mie hapo siku zote huruka. Nilisema hawa wamechoka, wamepata pesa, wamenunua viti vya kukalia ndio wakaweka na picha yake.

Kwa hivyo jawabu lilikuwa ya pili. Lakini nilitaka kuipeleka vizuri, na sababu zake. Namba ya binti wa watu siwezi kuiomba. Na ile karibu nilikuwa nayo.

Leo nikaswali Ijumaa, nikapanda baiskeli ya kaka nikenda Chokocho moja kwa moja. Nilivaa kanzu kwa sababu nimetoka msikitini, na kwa mtu mzima huendi na fulana ya kuchumia karafuu. Njiani nikakumbuka sina kitu mkononi. Kwenda kwa watu mikono mitupu si adabu, basi nikasimama dukani nikanunua haluwa.

Nasoma haya niliyoyaandika sasa hivi na nayaona yote. Wakati ule sikuona hata moja.

Mzee Kombo alinipokea vizuri, lakini alipoiona haluwa akaitizama zaidi kuliko alivyonitizama mie. Akamwita mkewe, Bi Mize. Bi Mize akaja akaitizama haluwa, akaingia ndani, akatoka amebadilisha kanga. Nyuma yake akatoka dada yake Mzee Kombo, shangazi yake Raya, mwanamke mmoja mkubwa wa kicheko, na kahawa ikaja upesi kuliko kahawa yoyote niliyopata kupewa.

Wakaanza kuniuliza. Mie niliona ni maswali ya kawaida.

"Wewe mtoto wa nani?" Nikataja jina langu na la baba. Mzee akamjua baba yangu, akamrehemu.

"Wakaa na nani?" Kwa kaka yangu.

"Nyumba hujajenga?" Bado, mama.

"Mikarafuu munayo?" Ipo, ya urithi, si mingi.

"Waswali?" akauliza shangazi.

"Si umemuona ametoka Ijumaa," akasema Bi Mize.

"Mie nataka kumsikia mwenyewe. Hata sauti yake hatujaijua."

"Naswali, shangazi."

"Haya, sauti anayo."

Mzee Kombo akaweka kikombe chini. Akasema taratibu, "Sasa mwanangu, kawaida mtu hutanguliza wazee wake. Lakini umekuja mwenyewe, na mie si mtu wa kumvunja mtu uso. Sema lililokuleta."

Nikasema, "Nimeleta jawabu."

"Jawabu la nani?"

"La Raya. Aliniuliza, mie sikuwahi kumjibu."

Bi Mize akashika kifua. Shangazi akasema, "Kumbe wao wameshaulizana. Sie tunapoza kahawa bure."

Hapo ndipo nilipofahamu. Wamenidhani nimekuja kuposa. Nilitaka kusema hapana, lakini ukisema hapana mbele ya mama wa mtu na haluwa iko katikati, ni kama unamwambia mwanawe hafai. Nikabaki kimya, na kimya changu wakakisoma walivyotaka. Mzee akachukua simu akampigia. Ijumaa Raya hupewa mapumziko kidogo mchana. Mzee akaiweka simu juu ya mkeka, sauti imefunguliwa, sote tumeizunguka.

"Raya, mwanangu. Hapa kuna kijana wa Pujini, Faki, amekuja na haluwa."

"Kijana gani?" Halafu akacheka. "Yule wa salamu? Baba, leo musimuache aanze na joto."

"Anasema ana jawabu lako," akasema Bi Mize.

"Haya. Ipi?"

Nilizitizama nyuso zile tatu. Nikasema, "Ya pili."

Shangazi akamuuliza Bi Mize kwa macho, ya pili nini.

"Ya pili?" akasema Raya. "Mie siku zote hizi nasubiri mtu, kumbe mtu mwenyewe ni wa ya pili."

"Ya pili haina kosa."

"Saa ya ukutani nayo haina kosa. Utaisikiliza?"

"Ngoma zake zimenyooka. Hakuna wimbo wa kuruka."

"Na ya tatu unaruka?"

"Ya tatu wamechoka. Yule muimbaji analalamika tu."

"Hajachoka, ana huzuni. Weye Faki huzuni huijui?"

Nilitaka kumjibu. Hapo nilitaka kumwambia vitu vingi, vya nyuma ya banda, vya jamvini, vya kucheka watu wakicheka. Lakini nilikuwa nimezungukwa na watu wazima watatu na kahawa. Nikasema tu, "Ule wimbo mrefu pale katikati hapana kitu."

"Hapana kitu?" Halafu akasema kwa sauti nyengine, ya chini. "Pale pana mtu. Kila kitu kinazimwa, halafu upande wa kushoto unamsikia mtu anahema, na kiti chake kinalia, ndio anaanza ngoma. Mie huwa napiga pasi, wenyewe wamelala, nyumba nzima haina sauti. Nasubiri pale. Akihema najua simo peke yangu humu chumbani."

Bi Mize akainama akawa anatizama simu kama ni uso.

"Mie simsikii," nikasema. "Wallahi simsikii."

"Unasikilizia nini?"

"Hedifoni."

"Pande zote mbili nzima?"

"Ya kulia tu," nikasema. Ya kushoto ilikufa zamani, waya umekatika kwa ndani. Nilishaizoea mpaka nilisahau kwamba zinakuwa mbili.

Raya akacheka, lakini hakunicheka vibaya. "Faki, weye umesikia nusu. Umekwenda kwetu na haluwa kutetea nusu." Halafu mtu akamwita kwa Kiarabu huko alipo, akasema, "Nakuja," akamuaga mama yake mbio mbio, akakata.

Mzee Kombo akauliza, "Kwa hivyo lililokuleta ni hilo?"

"Ndio, baba."

"Na haluwa?" akauliza Bi Mize.

"Nisije mikono mitupu, mama."

Shangazi akajitupa kwenye mkeka kwa kicheko. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga, akasema hajapata kuona mposaji wa ngoma. Bi Mize hakucheka. Alikusanya vikombe, na mie niliona, kwa sababu kutizama ndiyo kazi yangu, kwamba haluwa hakuikata. Aliichukua ilivyo akaingia nayo ndani. Mama yule kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa alikuwa na mkwe, na mwanawe amesharudi nyumbani. Mie ndiye niliyempa, mie ndiye niliyemnyang'anya.

Mzee Kombo alinisindikiza mpaka barabarani, anaisukuma baiskeli yeye mwenyewe kwa heshima. Akasema, "Sikukasirikii. Mwanangu hajapata kucheka vile tokea arudi kule. Lakini watu wamekuona, una kanzu na umebeba kitu. Kesho wataniuliza. Usije tena peke yako, Faki. Ukija njoo na watu wako. Au usije."

Nikasema ndio, baba. Nilitaka kumuuliza, na salamu je, unaweza kumfikishia neno moja tu kila anapopiga, halafu unambie tu kasema nini kuhusu ya kwanza. Sikuuliza. Nilijua hata swali lenyewe lingehitaji wazee.

Nilipofika kwenye mikarafuu, kabla ya nyumba za kwetu, nikasimama. Jua lilikuwa bado lipo juu. Kwa muziki wangu sijapata kufungua sauti ya simu nje hata siku moja, naona haya. Leo nikaifungua, ili pande zote mbili zitoke pamoja. Nikaiweka simu kwenye tawi usawa wa sikio, nikatafuta ya tatu, nikatafuta ule wimbo mrefu. Sikuruka. Ule uzito nilokuwa nauona wa kuchoka, leo nilikuwa natembea nao. Ikafika katikati, kila kitu kikazimika. Kukabaki ndege na majani.

Halafu mtu akahema.

Kweli kabisa, mtu. Akavuta pumzi kama anataka kusema jambo akaliacha, na kiti kikalia chini yake, kidogo tu, kama kiti chochote cha mbao hapa kwetu. Ndipo ngoma ikaingia, na ikaingia tofauti, kwa sababu sasa nilijua ni nani anayepiga. Nikairudisha nyuma. Nikamsikia tena. Mwanamke mmoja akapita na mtenga wake kichwani, akanitizama nimekumbatia mkarafuu, akapita.

Kwa hivyo nasema hapa, na hapa ndipo pekee ninapoweza kusema. Ya pili ni nzuri, haina kosa, na nitaisikiliza mpaka nife. Lakini ya tatu ndiyo bora. Nilikuwa naihukumu kwa sikio moja, na hata hilo moja lilikuwa linaruka.

Sasa nimekaa na kanzu yangu ya vumbi. Ndani namsikia kaka anamuuliza mkewe Faki kaenda wapi na baiskeli. Naweza kuingia nikamwambia, kaka, tafuta wazee wawili twende Chokocho. Atafurahi. Halafu ataniuliza nimempendea nini msichana ambaye hata uso wake sijauona, na mie sitokuwa na la kusema ila kwamba alinionesha mtu anahema. Na sijui bado, hili nalisema kwa ukweli, sijui kama nataka mke, au nataka tu mtu wa kunibishia. Je, watu wengine huvijua hivi viwili kuwa mbali mbali, au nao huenda hivyo hivyo na haluwa yao?

Sijui. Kesho tunapakia magunia.

Raya kashinda, na hajui.